Mbwa wa Mtu Mmoja

Siku mliponiaga pale kliniki kwa keki na soda, mmoja wenu aliniomba niandike niliyoyaona kazini ili wanaoingia sasa wasome. Akaongeza kwamba niandike mambo ya kutia moyo. Nimejaribu. Nimekaa na daftari hili wiki mbili hapa nyumbani Nakuru, na kila nikianza na jambo la kutia moyo, hasira inapanda. Basi nitaandika na hasira yangu, kwa sababu ndiyo iliyoniamsha asubuhi miaka yote hiyo. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vyenyewe havikuwa vingi.

Babangu alikuwa fundi wa reli, nasi tulikulia kwenye nyumba za reli ambako kila familia ilikuwa na paka wa kukamata panya na hakuna aliyehangaika kumpa jina. Nilisomea afya ya mifugo nikidhani nitatibu ng'ombe maisha yangu yote. Siku ya kwanza kazini nilivaa gambuti mpya na koti la kijani, tayari kuingiza mkono popote nitakapoambiwa. Daktari Muthoni, aliyeianzisha kliniki, alizitazama zile gambuti, akaniambia nizivue, kisha akanipa paka ndani ya kikapu cha sokoni nimshike. Kovu la siku hiyo ninalo mpaka leo, na yule paka hakuwa hata mgonjwa.

Wakati huo tabia mbaya ya mbwa ilikuwa na dawa moja tu. Mbwa ameuma mtu, sindano ya kulala. Mbwa anabweka mchana kutwa, sindano. Amekula kuku wa jirani, sindano. Mtu simu yake ikizimika anatafuta fundi, anaulizia kwa marafiki, anazunguka mji mzima. Mbwa aliyelala mlangoni kwake miaka mitano akibadilika ghafla, anatafuta mtu wa kumwua kabla ya saa sita. Na sisi tulikuwa hapo, tumevaa makoti safi, tukiitikia.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, mama mmoja alileta mbwa wa rangi ya kahawia aliyeitwa Bobi. Alikuwa amemrukia mtoto wake aliyekuwa akimpapasa kichwa. Mama alisema Bobi amekuwa mbaya, na akatia sahihi. Mimi ndiye niliyemshika. Alinilamba mkono wakati dawa inaingia. Baadaye, nikimfunga kwenye gunia, nilimgeuza kichwa nikaona sikio la kushoto limejaa usaha, na katikati ya usaha kuna mbegu ya nyasi, zile zenye miiba midogo. Mtoto alikuwa amegusa hapo. Kibano na dawa ya matone vingetosha. Nilimwonyesha Daktari Muthoni, naye akasema, "Tungemwangalia kwanza." Nilimchukia siku hiyo, na nikajichukia mimi zaidi, maana sikio lilikuwa upande wangu.

Tangu hapo, kabla mtu hajamaliza kuniambia mbwa wake ni mkorofi, mimi nimeshaingiza kidole mdomoni natafuta jino bovu. Angalieni masikio, meno, nyonga na kibofu. Fanyeni hivyo hata mwenye mbwa akiwaambia ana haraka, na hasa akiwaambia ana haraka.

Aliyenifundisha yaliyobaki hakuwa daktari. Mzee Koech alikuwa akitunza mbwa wa kampuni moja ya ulinzi, na alikuwa akiwaleta kwetu kwa chanjo, sita kwa mara moja, bila kelele. Wengine walihitaji watu watatu kumpima mbwa mmoja joto. Koech alikuwa akikaa juu ya kreti tupu la soda, ubavu kwa mbwa, macho ukutani, akimenya chungwa. Mbwa alikuwa akija mwenyewe kuona kuna nini.

"Wewe Rosa unaangalia mbwa kwa macho kama unamdai," aliniambia. "Kaa chini. Angalia kwingine. Uko na haraka ya wapi?"

Alinifundisha kufunga mdomo wa mbwa kwa kipande cha bandeji, fundo moja linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Alinifundisha kutembea na maini ya kuchemsha mfukoni, jambo lililoniharibia makoti mengi na kunipatia marafiki wengi barabarani. Na alinifundisha kwamba ukifika kwa mtu, usianze na mbwa wala na mwenye mbwa. Tafuta anayefua nguo za nyumba hiyo. Huyo anajua nani amehama, nani amezaa, nani anapiga nani, na mbwa alianza kubadilika wiki gani. Nimeshapata majibu mengi kwenye kamba za kuanikia kuliko kwenye maabara.

Ushauri huo ndio uliomwokoa paka mmoja wa Naivasha. Mwenye paka alikuwa mfanyakazi kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke unaotoka ardhini. Paka alikuwa akikojolea buti zake za kazi, buti hizo tu, kila akirudi kutoka zamu. Mke akasema paka ana wivu. Mama mkwe akasema ni mambo ya watu, kwamba kuna aliyewaroga. Wakamtia paka ndani ya gunia ili asione njia, wakamtupa mbali upande wa Longonot, na siku ya nne akarudi, amekonda, akaenda moja kwa moja kwenye buti. Nilipoitwa, niliongea na dada aliyekuwa akifua. Aliniambia nguo za bwana zikirudi zinanuka kama mayai yaliyooza, na lazima azifue kando na nyingine. Ndiyo hiyo. Harufu ya Olkaria ilikuwa inaingia nyumbani miguuni mwa mtu, na paka dume ambaye hajahasiwa alikuwa anaweka yake juu. Tulimpima mkojo kwanza kuhakikisha haumwi, tukamhasi, na buti zikalala nje ndani ya sanduku lenye kifuniko. Mambo ya watu yakaisha. Mama mkwe bado hakuniamini, lakini paka alibaki.

Baadaye nilipelekwa mafunzo ya tabia za wanyama, nikapata cheti, na kule Nairobi nikapata daktari aliyesomea kazi hiyo ambaye niliweza kumpigia simu nikikwama. Muwe na mtu kama huyo. Kukwama si aibu. Aibu ni kukwama na sindano mkononi.

Sasa nifike Mau Narok, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Mnajua desturi ya huku kwetu. Mtu akiwa na stoo ya viazi au ghala la ngano, anataka mbwa mkali. Na mbwa mkali, tunavyoambiana, ni mbwa wa mtu mmoja. Mtoto wa mbwa anafungiwa kwenye kibanda kisicho na dirisha tangu akiwa mdogo, hatoki mchana asije akazoea watu, na anayemlisha ni mmoja tu. Wengine wote ni adui. Watu hueleza haya kwa fahari, wakikukaribisha chai. Mimi nimekunywa chai hiyo nyumba nyingi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Bwana Wainaina alinipigia simu. Analima ngano na viazi, ekari nyingi, na tulikuwa tumechanja mbwa wake zamani.

"Daktari, kuja na ile sindano kubwa," alisema. Huku wote wananiita daktari mpaka nitoe risiti.

"Ya nini, Bwana Wainaina?"

"Hii mbwa imeniuma. Mimi! Kwa boma yangu!"

"Umeosha kidonda?"

"Nimepaka spiriti."

"Osha na maji ya mfereji na sabuni, dakika kumi na tano. Halafu uende hospitali leo, si kesho. Mbwa asiuawe na asifunguliwe mpaka nifike."

Alienda, maana kichaa cha mbwa alikuwa anakiogopa, na hapo alikuwa na akili. Kesho yake nilipanda Mau Narok. Kibanda kilikuwa nyuma ya stoo ya viazi, kimejengwa kwa mabanzi ya mbao, mlango wa bati na kufuli. Kupitia ufa niliona mbwa mkubwa mwenye madoa, jina lake Chui, amejikunja pembeni. Mbele yake sufuria ya ugali ulioganda, na juu ya ugali huo ugali mwingine, na juu yake mwingine. Aliponiona alikuja mlangoni kwa meno. Lakini mkia ulikuwa umefichwa katikati ya miguu. Alikuwa anatetemeka.

"Ana siku ngapi bila kula?"

"Kama nne. Inakataa tu. Imekuwa jeuri."

"Nani alikuwa anamlisha?"

"Kijana wa kazi."

"Yuko wapi?"

"Nilimfuta. Alikuwa na mdomo sana."

Kijana mwenyewe, nilikuja kujua, anaitwa Wekesa na ana wajukuu watatu. Alikuwa amekaa kwenye shamba hilo miaka sita. Walikosana kwa sababu mbegu za viazi zilinyeshewa, na Wekesa akasema mbele ya watu kwamba aliyeacha stoo wazi ni tajiri mwenyewe. Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu alifutwa. Siku ya nne Bwana Wainaina, badala ya kumrushia ugali kwa mbali kama siku za kwanza, akafungua mlango wa kibanda, akasukuma sufuria kwa mkono, na mbwa aliyefundishwa miaka minne kwamba kila mtu isipokuwa Wekesa ni mwizi akafanya kazi aliyofundishwa.

"Mbwa huyu hana kosa," nilimwambia. "Ulisema wewe alishwe na mtu mmoja?"

"Si ndio inakuwa kali! Ikijua kila mtu, mwizi ataipatia nyama na inalala."

"Na huyo mtu mmoja umemfukuza."

"Daktari, mimi nilikuita na sindano. Sikukuita kwa kesi."

Nilimweleza kwamba mbwa akiuma mtu hauawi hivi hivi. Anafungiwa siku kumi na kuangaliwa, ili ijulikane kama ana kichaa. Hilo ni jambo la kitabibu, lakini nakiri kwamba siku hiyo nililishika kwa mikono miwili kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimempatia Chui siku kumi. Kisha nikamwomba ampigie Wekesa simu.

"Mimi? Nimpigie mtu nimefuta? Wacha mbwa ikufe."

Nilirudi kwenye gari nikiwa nimebana meno. Mke wake, Mama Shiru, alikuwa anaanika nguo uani. Alinisogelea na beseni kiunoni, akanipa kipande cha gazeti chenye namba imeandikwa kwa kalamu ya risasi.

"Mimi sijakupatia kitu," alisema.

Wekesa alikuwa anapakia mbao Elburgon. Nilipojitambulisha na kusema napiga kwa sababu ya Chui, swali lake la kwanza lilikuwa, "Madam, anakula?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Kesho nakuja. Nitaambia hawa wa mbao niko na matanga."

Siku ya tatu ya zile kumi tulifika pamoja. Nilimwambia Bwana Wainaina kwamba huyu sasa ni msaidizi wangu. Alienda kusimama kando ya trekta akakagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Wekesa alichuchumaa mbele ya mlango wa bati akaongea maneno machache kwa lugha ya kwao. Ndani kukawa kimya. Kisha ukaja mlio ambao sijausikia tena kwa mbwa mkubwa, kama wa mtoto anayeacha kulia. Akala ugali wote moto, akala na mkono wa Wekesa karibu. Wekesa alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema huku Mau Narok baridi imezidi.

Zilizofuata zilikuwa siku za kazi, na nazieleza kwa sababu mtazihitaji. Baada ya Wekesa kumlisha, tulifungua mlango mchana kwa mara ya kwanza, Chui akiwa na kamba na kifunga mdomo. Jua lilimwumiza macho. Alisimama kizingitini dakika ishirini. Kuku alipopita, mbwa huyo wa kutisha wezi alirudi ndani mbio akajificha nyuma ya Wekesa. Siku ya tano Mama Shiru alikaa kwenye stuli hatua kumi kutoka pale, mgongo kwetu, akichambua maharagwe. Siku ya sita, hatua tano. Siku ya saba alirusha vipande vya maini bila kugeuka. Siku ya nane Wekesa alishika sufuria naye akashika upande wa pili. Siku ya tisa aliishika peke yake, Wekesa amesimama kando, na Chui akala. Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimewaambia wasithubutu.

"Kumbe ako na macho ya kahawia," Mama Shiru alisema. Miaka minne mbwa huyo alikuwa nyuma ya jikoni lake.

Siku ya kumi niliwakuta wote watatu uani, Chui amelala juani karibu na beseni la nguo. Hakuwa na kichaa wala kingine chochote. Nilimwendea Bwana Wainaina na karatasi zangu nikiwa na furaha, nakubali, na furaha ilinifanya mjinga.

"Daktari, umeharibu mbwa," alisema.

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

"Sasa inaenda kwa kila mtu. Jana mtu wa maziwa amekuja, ikatingisha mkia. Hiyo inachunga nini? Chukueni."

Wekesa alivua kofia. "Boss, kama hamumtaki, mimi naenda naye."

"Nenda nayo."

Miaka sita ya kazi, siku nane za kurudi bila kulazimishwa, na hakupewa hata asante. Alifunga kamba ya katani kwenye ukosi wa Chui, wakapanda nyuma ya pikapu yangu. Mama Shiru aliingia jikoni na hakutoka. Nilikuwa nimeshashika mlango wa gari niliposikia sauti nyembamba nyuma ya stoo. Nilienda. Kufuli lilikuwa limerudi mahali pake, na kupitia ufa niliona mtoto wa mbwa wa miezi miwili, amekaa pale pale alipokaa Chui.

Bwana Wainaina alikuja nyuma yangu, mkono bado una bandeji. "Usijali, daktari," alisema. "Hii mambo imenifunza."

Na mimi, mtu mzima, nikaamini kwa muda wa pumzi moja. "Imekufunza nini?"

"Huyu mtu mpya wa kumlisha, sitamfuta. Nimemwambia, hata tukikosana namna gani, yeye anakaa."

Nilimwambia maneno ambayo hayataandikwa katika daftari litakalosomwa na vijana. Nilimwomba afungue mlango, akakataa. Niliandika barua kwa wanaohusika, na jibu lililokuja lilisema kwamba mbwa ana chakula, ana maji, ana paa. Jibu hilo nimelihifadhi. Huwa nalisoma nikihisi nimeanza kupoa.

Wekesa na Chui wako Elburgon, wanalinda mbao mchana, na watoto wa pale wanampanda Chui mgongoni. Mkitaka jambo la kutia moyo, ni hilo, na nimelitoa.

Mtoto yule wa Mau Narok sasa ni mbwa mzima. Naye wamemwita Chui. Mama Shiru hunipigia mara moja moja, mumewe akiwa shambani. Anasema mumewe hamruhusu hata kumsemesha mbwa kupitia ufa, na kwamba mbwa akisikia hatua zake yeye anagonga bati kwa kichwa. Juzi alinipigia tena. Yule mfanyakazi anayemlisha mbwa amepata kazi Naivasha kwenye maua, anaondoka mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemfuta. Amepata tu kazi nzuri zaidi, kama mtu yeyote.

Namba ya Mama Shiru nimeibandika ukutani pale kliniki, karibu na meza ya mapokezi. Msingoje kuitwa, maana mkiitwa mtaambiwa mje na sindano. Nendeni wiki hii, wakati bado kuna mtu mmoja duniani ambaye mbwa huyo anaweza kula mbele yake.